Southern, Bynum au Getatchew Haile: njia ya nani inafuatika kwa anayetaka historia ya Ukristo wa Zama za Kati?

dogo_wa_historia
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa tatu, nasoma historia, na masta nataka nizame kwenye Ukristo wa Zama za Kati, hasa upande wa mawazo, yaani watu waliamini nini na kwa nini waligombana juu yake. Nimesoma maisha ya wanahistoria watatu, kila mmoja ananivutia kwake: Richard Southern wa Oxford, Caroline Walker Bynum wa Marekani na Getatchew Haile wa Ethiopia. Mnaowafahamu naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

Mama Nuru
Mwanangu mi nakwambia Bynum, tena bila kusita. Chukua habari za Katarina wa Siena, mtakatifu wa Italia aliyefariki 1380 akiwa na miaka 33, mwishoni alikuwa karibu hali kitu zaidi ya Ekaristi, ule mkate wa komunyo. Wengi wakisoma hizo habari wanasema tu alikuwa mgonjwa, yameisha. Bynum kwenye kitabu chake cha 1987 akauliza chakula kilikuwa mikononi mwa nani? Mwanaume akitaka kujinyima kwa ajili ya Mungu aliacha mali na cheo, mwanamke wengi wao hawakuwa na mali ya kuacha, walichokitawala ni jiko, basi wakafunga na sahani zao wakawapa maskini. Swali moja tu na wale wanawake unaanza kuwaona kama watu wenye akili zao. Kafundisha Harvard, Washington, Columbia, na 1996 alikuwa rais wa chama cha wanahistoria wa Marekani.

kalamu_kavu
Dada Mama Nuru umesema vizuri ila Southern msimruke. Kaanza kufundisha Oxford 1937, mpaka anastaafu 1981 yuko Oxford hiyohiyo, na Anselm, yule askofu mkuu wa Canterbury, kamwandikia kitabu 1963 halafu akamrudia tena 1990! Kuna kisa cha Eadmer, mmonaki aliyekuwa anaandika maisha ya Anselm, bosi akagundua akamwamuru aharibu kila kitu, Eadmer akaharibu kweli, ila baada ya kunakili yote kwenye ngozi nyingine za kuandikia. Maandishi hayo ndiyo Southern aliyahariri na kuyatoa 1962. Anakufundisha kwamba wazo la teolojia lina marafiki nyuma yake, lina utii na ukaidi, sio hoja tupu zinazoelea. Shida dogo ni kwamba kazi ya namna ile, chuo kimoja maisha yote, siku hizi hata Waingereza wenyewe wanaitafuta kwa tochi.

Mzee wa Makavazi
Mjukuu wangu, mimi niko kwa Getatchew na nitakueleza sababu. Kazaliwa 1931, kasoma Cairo, akachukua uzamivu Tübingen Ujerumani, akarudi kufundisha Addis. 1975 wakati wa Dergi, ule utawala wa kijeshi wa Ethiopia, askari wakaenda kumkamata nyumbani, akapigwa risasi, miguu ikapooza. Akaishia Collegeville, Minnesota, huko Marekani, maktaba ya chuo cha Wabenediktini, na huko akakaa miongo akiorodhesha miswada ya Ethiopia, yaani vitabu vya kale vya mkono, mmoja baada ya mwingine, kutoka mkusanyiko wa zaidi ya 9,000 iliyopigwa mikrofilamu (picha za kurasa kwenye filamu), akiwa kwenye kiti cha magurudumu. 1988 akapewa ile tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani kwa watu wenye vipaji, Bynum alikuwa ameipata 1986.

Njoki254
Heshima kwako mzee lakini kuorodhesha miswada ni kazi ya mtaalamu wa maandishi ya kale, si ya mwanahistoria wa mawazo. Southern na Bynum wana hoja zao kubwa, Getatchew hoja yake ni ipi?

Mzee wa Makavazi
Binti yangu swali zuri. Karne ya 15 Ethiopia kulikuwa na wafuasi wa Abba Estifanos, wamonaki waliokataa kumsujudia mfalme na kusujudu mbele ya picha ya Maria. Mfalme Zara Yaqob akawatesa vibaya mno. Kwa muda mrefu sauti iliyosikika zaidi ni ya mfalme, maana naye alikuwa mwandishi. Getatchew akachapisha na kutafsiri maandishi ya hao wamonaki wenyewe, wanavyojieleza kwa nini kusujudu ni kwa Mungu peke yake. Sasa ugomvi una pande mbili na unaweza kuupima. Hoja unaijengaje kama nusu ya mashahidi wamelala kabatini bila jina?

Njoki254
Hapo nakubali. Na huyo Zara Yaqob ndiye wa mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) wa Debre Mitmaq 1450, Sabato mbili zikakubaliwa, Jumamosi na Jumapili. Mada kama hiyo Ulaya ingekuwa na rafu nzima ya vitabu.

dogo_wa_historia
Aisee mmenifungua macho. Kilatini sijui, Kigeezi, ile lugha ya kale ya Kanisa la Ethiopia, pia sijui. Nianzie wapi?

kalamu_kavu
Kilatini kina vitabu vingi vya kujifunzia mwenyewe, anza leo usingoje barua ya udahili.

Mzee wa Makavazi
Kigeezi tafuta mwalimu, ikiwezekana Addis kwenyewe. Miswada mingi ya ile mikrofilamu sasa iko mtandaoni kwenye tovuti ya maktaba ileile ya Collegeville, unajisajili bure unasoma. Fungua mmoja leo usiku hata kama huelewi, zoea kwanza herufi.