Mkandaa na mchu vinachanganyika kwenye Sentinel-2 (delta ya Rufiji)

Bendi_Nane: Wakuu, nachora ramani ya jamii za mikoko (mlilana, mkandaa, mchu) delta ya Rufiji kwa taswira za setilaiti ya Sentinel-2 za Juni hadi Oktoba. Mlilana wa mbele baharini unajitenga vizuri. Shida ni mkandaa na mchu mfupi wa nyuma, kule kwenye chumvi: mpaka wake unahama kila nikibadilisha taswira. Usahihi unasoma asilimia 94, lakini ramani haifanani na msitu. Nianzie wapi?

Maji_Mafu: Anza na maji. Setilaiti hii hupita kwetu kama saa nne na nusu hadi saa tano asubuhi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa hiyo bahari imekupwa. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo imejaa au inakaribia kujaa. Mkandaa ukiwa mwembamba, maji yaliyo chini yake yanameza infraredi ya mawimbi mafupi, yaani bendi 11 na 12, na piseli (nukta moja ya taswira) inasomeka kama msitu mzito. Chukua mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, linganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa, nyingine tupa. Ndani ya delta maji huchelewa kutoka, kwa hiyo vijito vya juu usivipime kwa jedwali la bandarini peke yake. Na usichukue wastani wa miezi yote mitano kabla ya kuchuja: kosa litajificha tu humo.

Poligoni: Hiyo 94 mimi siiamini. Ukigawa piseli kwa bahati nasibu, majirani wa poligoni moja (eneo la mfano ulilolichora) wanaingia kwenye kufundishia mfumo wa kompyuta na kwenye kuupima pia, kwa hiyo mfumo unaulizwa jibu ambalo umeshapewa. Gawa kwa poligoni nzima, na bora zaidi kwa kijito. Poligoni isipungue mita 30 kwa 30 za jamii moja; bendi 5, 6, 7 na 11 ni za mita 20, na GPS chini ya matawi hupotea mita kadhaa. Pale mkandaa na mchu vimeota pamoja kweli, fungua daraja la mchanganyiko. Kulazimisha jina moja hapo ni kuharibu madaraja yote mawili.

Bendi_Nane: Nimeelewa. Taswira zangu ni za 2021 na 2023, naweza kuziunganisha?

Maji_Mafu: Angalia toleo la uchakataji. Kuanzia toleo 04.00, la Januari 2022, namba za piseli zimeongezwa 1000. Toa hiyo 1000 kwenye za 2023 kabla ya kugawa kwa 10,000, isipokuwa kama mkusanyo wako umesharekebishwa.