MJADALA: Bei za serikali wakati wa Vita vya Pili zilimfaa nini mtu wa Mombasa?

Mtoa mada:

Kila unga unapopanda bei hapa Mombasa, hoja moja hurudi barazani: serikali ipange bei kwa nguvu, kama Waingereza walivyofanya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945. Wenye hoja hii huongeza kwamba siku hizo senti kumi ilikuwa pesa, na mtu akienda Marikiti na shilingi yake alirudi na kikapu kimejaa. Siikubali. Naileta hapa tuijadili kwa sababu watu wanaitumia kudai sera ya leo, na mfano wenyewe haukuwa hivyo wanavyousimulia.

Vita havikuwa mbali nasi. Italia ilipoingia vitani Juni 1940 ilikuwa tayari imeshika Ethiopia na Somalia, na Oktoba mwaka huo ndege zake zikaangusha mabomu Malindi. Aprili 1942 Wajapani wakapiga Colombo na Trincomalee, kule Ceylon (Sri Lanka ya leo), na manowari za Waingereza za upande wa Mashariki, chini ya Admirali James Somerville, zikahamishiwa Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Hata jengo la shule ya Allidina Visram lilichukuliwa, wakakaa humo wataalamu wa kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani. Kwa hiyo kisiwa hiki kidogo kilijaa mabaharia na askari wanaolipwa taslimu, na wote wanataka kula, kunywa na kustarehe. Pesa iliingia kwa wingi. Bidhaa nazo zikawa zinapungua, maana meli zilizokuwa zikileta vitambaa na mchele sasa zinabeba wanajeshi na silaha.

Mchele ndio uliouma zaidi. Pwani ilizoea mchele wa kutoka Burma. Rangoon, mji mkuu wa Burma, ilipoanguka mikononi mwa Wajapani Machi 1942, mlango huo ukafungwa. Kisha mvua zikakosekana, na 1943 ikawa njaa hata serikali ikaunda tume ya kuchunguza upungufu wa chakula. Bei halali ilikuwepo, imepangwa na serikali. Ukifika dukani mchele hakuna. Ukiuona, umeuona kwa magendo, na bei ya magendo haipangwi na afisa yeyote.

Tena kuna hili la mishahara, ambalo wasifiaji wa zamani hawaligusi. Anayetaka kujua kama maisha yalikuwa rahisi asisome orodha ya bei, asome migomo. Julai na Agosti 1939, kabla hata vita havijatangazwa, wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa ajili ya mishahara na makazi, ikaundwa tume ya Willan. Oktoba 1942 wakagoma wa reli, wakilia gharama za maisha. Mwaka 1945 kulikuwa na kamati nyingine, ya Phillips, kuhusu misukosuko ya wafanyakazi wa mji huu huu. Halafu Januari 1947 mji mzima ukasimama: watu wapatao 15,000, kuanzia makuli wa bandarini hadi watumishi wa majumbani. Mtu anayerudi na kikapu kimejaa hagomi mara tatu ndani ya miaka minane.

Swali langu: bei ile ya serikali ilimfaa nini kibarua wa Kilindini?

Kijana wa Kisauni:

Ndugu, umeeleza vizuri lakini umeliruka jambo kubwa. Bila bei ya serikali ule mchele mchache ungekwenda wapi? Ungekwenda kwa mabaharia na matajiri, basi. Unasema bei haikuleta mchele. Ni kweli, haikuleta. Lakini ilimzuia mwenye duka asimkamue mnyonge waziwazi. Na sisi leo tunayo sheria ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu tangu 2011, imelala tu. Mimi nafanya kazi ya siku, nalipwa jioni. Unga ukipanda asubuhi, jioni nimeshakuwa maskini zaidi. Nani mwingine atanisemea kama si serikali?

Mtoa mada:

Ndugu yangu, uchungu wako naujua na siupuuzi. Ila kumbuka Julai 2022. Serikali ilitangaza pakiti ya kilo mbili ya unga iuzwe shilingi 100, kutoka kwenye mia mbili na kitu. Ukikumbuka vizuri, utakumbuka pia rafu zilizokuwa tupu, na wenye maduka wakisema hawajaletewa mzigo wa bei hiyo. Baada ya wiki chache mpango ukaisha. Bei iliyotangazwa Nairobi haikufika Kisauni, kwa sababu nyuma ya tangazo hapakuwa na magunia.

Bi wa Kibokoni:

Wanangu, mnazungumza vizuri, lakini mwachanganya mambo mawili. Bei ni kitu kimoja, mgao ni kitu kingine.

Mamangu wakati huo alikuwa mwari, nyumbani kwao papa hapa Mji wa Kale. Alikuwa akituhadithia kwamba mchele ulipoadimika walipewa unga wa mahindi kwa mgao. Sasa nyinyi hamjui aibu ilokuwemo. Watu wa mji walikuwa watu wa wali, na kusonga sima ilikuwa ni kujitangazia umaskini. Bibi yangu alikuwa akifunga dirisha la upande wa njia kila akitia mwiko chunguni, jirani asione. Unga wenyewe una wadudu, waupepeta mara mbili, makapi wapewa kuku. Asubuhi muhogo kwa chai isiyo sukari, jioni sima na kitoweo cha papa. Lakini mamangu hakusema hata siku moja kwamba walilala na njaa. Alikuwa akisema: ule unga ndio uliotuvusha.

Na kanga! Hamkuitaja kanga. Kabla ya vita zilikuwa zikija za Kijapani, za Kihindi, za Kizungu, mtu achagua. Meli zilipokatika, mama na dadake wakawa na doti moja nzuri baina yao. Mmoja akienda harusini, mwingine yuwabaki nyumbani. Wakipokezana hivyo hadi vita vikaisha.

Kwa hiyo mimi nasema, mgao ulitufaa. Hiyo bei sijui.

Mtoa mada:

Ahsante sana Bi mkubwa. Hilo la dirisha lanieleza zaidi ya ripoti yoyote. Na nakubaliana nawe moja kwa moja: mgao maana yake ni kwamba mtu ana chakula mkononi na anakigawa. Hilo ndilo lililovusha watu. Bei peke yake haimpi mtu kibaba.

Mwalimu wa Tudor:

Naomba niingize swali ambalo hakuna aliyeuliza: bei ile ilipangwa kwa faida ya nani?

Udhibiti wa mahindi ulianzishwa Kenya mwaka 1942. Mlowezi wa Kizungu kule bara alihakikishiwa bei ya mahindi yake, na akapewa motisha alime zaidi kwa sababu ya vita. Mkulima Mwafrika alilipwa pungufu kwa gunia lile lile. Mwaka huo huo sheria iliruhusu watu kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba yaliyohesabiwa kuwa muhimu kwa vita, yakiwemo ya mkonge wa kutengenezea kamba, kwa sababu Wajapani walikuwa wameshika nchi zilizotoa kamba Asia. Serikali iliingia sokoni kweli, lakini iliingia imeshika mkono wa mtu fulani.

Mgao nao haukuwa na haki kila mahali. Dar es Salaam mgao ulifuata rangi ya mtu: Mhindi na Mwarabu wanapata mchele, Mwafrika anaambiwa chakula chake ni mahindi. Bi ametueleza aibu ya dirisha lililofungwa. Aibu hiyo ilipewa nguvu na karatasi za serikali, pale ofisa alipoamua nani ni mla wali na nani si mla wali. Tunapodai mfumo ule urudi, tuseme pia nani atashika kalamu.

Mpenzi wa Santuri:

Mimi napinga picha ya huzuni tupu. Kama dhiki ilikuwa kubwa hivyo, mbona muziki ulistawi? Mji huu ulikuwa na beni zake, ngoma za gwaride, tangu kabla ya Vita vya Kwanza, vikundi vikishindana kwa sare na matarumbeta mpaka wakubwa wa serikali wakawa na wasiwasi. Taarabu ilikuwa kwenye santuri tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Na Vita vya Pili ndivyo vilivyotupa dansi la gitaa. Fundi Konde, mpiga gitaa na mtoto wa pwani hii, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi, na wenzake wa kikosi hicho ndio waliokuja kuunda bendi ya Rhino Boys baada ya vita. Gazeti la Baraza lilianza 1939. Matangazo ya redio ya Kiswahili yalipata nguvu kwa sababu familia za askari zilitaka habari. Mtu mwenye njaa hachezi dansi, ndugu zangu.

Mtoa mada:

Mwenye njaa hucheza, tena sana. Ila twende polepole hapa, maana umegusa jambo zito.

Muziki ule ulilipiwa na nani? Ulilipiwa na mshahara wa askari na baharia. Wakenya Waafrika karibu 98,000 waliingia jeshini. Wengine walipitia bandari hii hii. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, na mamia kati yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani anayengojea sehemu ya mshahara wake. Kwa hiyo ndiyo, gitaa lilikuja, na wimbo ulikuja. Nawapenda wanamuziki wale na nasikiliza nyimbo zao mpaka leo. Lakini usiufanye ukumbi uliojaa wanajeshi kuwa ushahidi kwamba kuli wa Majengo alikuwa ameshiba.

Babu yangu aliacha noti ya shilingi moja ya 1943. Ndogo, imechakaa kwenye mikunjo, ina sura ya Mfalme George wa Sita, na maandishi ya Kiingereza, ya herufi za Kiarabu na ya Kigujarati. Shilingi ilikuwa sarafu ya madini. Vita ndivyo vilivyoleta shilingi ya karatasi. Ukiishika unaelewa kilichokuwa kikitokea: pesa inazidi kuchapishwa na kuzunguka, bidhaa zinapungua, na yule aliyelipwa kwa siku ndiye wa mwisho kuongezwa. Ilibidi agome ndipo apewe nyongeza ya vita.

Kijana wa Kisauni:

Sawa, nimekuelewa. Lakini bado hujanijibu. Mwalimu ameonyesha ubaya wa mkoloni, Bi ameonyesha uzuri wa mgao. Serikali ya leo si ya mkoloni, tunaipigia kura. Ungekuwa wewe ndiye waziri, unga umepanda leo, ungefanya nini? Usiniambie tusubiri soko.

Mtoa mada:

Sisemi tusubiri soko, na naomba nisieleweke hivyo.

Kwanza ningetaka magunia yahesabiwe: yaliyomo kwenye maghala ya taifa, ya wasagaji, na yaliyomo bandarini hayajatoka. Hesabu hiyo itangazwe kwa kila kaunti, ili mtu wa Kisauni ajue kama dukani kwake patakuwa na mzigo au la. Pili, kama upo, ugawiwe kwanza kwa watu wanaolipwa kwa siku na kwa shule, kwa kiasi kinachojulikana, bila kumuuliza mtu kabila wala jina la baba yake. Tatu, ujira wa kibarua upande wiki ile ile bei inapopanda, usisubiri mgomo. Mwaka 1947 wafanyakazi walikaa siku kumi na mbili bila kazi, chini ya African Workers' Federation, chama cha wafanyakazi Waafrika, na kiongozi wake Chege Kibachia, ndipo likaundwa baraza la Jaji Thacker la kuangalia mishahara. Thacker ndiye yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria. Kibachia naye alikamatwa mwaka huo huo, akapelekwa kizuizini.

Haya matatu yakifanywa, hiyo sheria ya 2011 itumike, nami nitasimama nawe kuidai. Yasipofanywa, nitaipinga hapa na kwenye mkutano wowote wa wadi utakaoitishwa.

Bi wa Kibokoni:

Hapo kwenye kuhesabu magunia mimi nipo nawe. Ila na mafuta ya kupikia uyatie kwenye hesabu.