Maganda ya .308 kuyafanya .243: tupu linaingia, lenye kichwa linagoma

Mswahili_Texas
Wakuu, salaam. Msimu wa kulungu ni Novemba na bunduki yangu ni .243. Maganda yake (vikopo vya shaba vya risasi) yameadimika huku nilipo, ila ya .308 ninayo ndoo nzima. Nimepitisha moja kwenye dai ya .243 (kalibu ya chuma ya kubana ganda), likatoka safi. Tupu linaingia kwenye chemba, pale risasi inapokaa bundukini, vizuri. Nikitia kichwa (kile kinachoruka), bila baruti, bolti inayofunga chemba haifungi. Shida nini?

Fundi Baruti
Usiilazimishe hiyo bolti, mkuu. Umejijibu mwenyewe: tupu linaingia, lenye kichwa linagoma, basi yaelekea ni shingo, pale ganda linaposhika kichwa. Shingo ya .308 ilishika kichwa cha milimita 7.82, sasa unataka ishike cha 6.17. Shaba ni ile ile, haina pa kwenda, inanenepesha ukuta. Hata kama bolti ingefunga kwa nguvu ungekuwa hatarini, kwa sababu shingo iliyobanwa na chemba haitanuki kukiachia kichwa, na presha inapanda vibaya sana. Watu wameharibu bunduki hivyo.

Pima shingo kwa nje ikiwa na kichwa ndani. Mwisho wa .243 ni inchi 0.276. Ikizidi, chonga ukuta wa shingo upungue. Mimi huanza na dai ya 7mm-08, saizi ya kati, kisha ya .243, ili mabega (mteremko kati ya shingo na mwili) yasikunjamane. Grisi paka mwilini tu, ikifika begani inaacha mabonde.

Bi Mkubwa wa Montana
Baada ya kubana, zipashe shingo moto zilainike, la sivyo zitapasuka mapema. Kitako, mwisho wa nyuma wa ganda, kisiguswe na joto kabisa! Kikilainika hakihimili presha. Na kama ndoo ina maganda ya jeshi, yatenge. Mara nyingi ukuta wao ni mnene, nafasi ya baruti inapungua. Anza na kipimo cha chini cha baruti kwenye kitabu cha kupakia risasi.

Mswahili_Texas
Nimepima: 0.280. Asanteni sana. Nichonge nje au nikwangue ndani kwanza?

Fundi Baruti
Nje. Ila kwanza ingiza kipanuzi shingoni, unene wote utokee nje, ndipo uchonge. Halafu chungulia ndani, shingo inapokutana na bega. Ukikuta pete ya shaba, iondoe kwa rima (kifaa cha kukwangua ndani). Na kitakoni bado pameandikwa .308, kwa hiyo paka rangi kila ganda na uandike kwenye boksi, asije mwenzako akalitia kwenye bunduki ya .308.