Njia ipo, pakiti hazifiki: naombeni ushauri

Kigingi: Wakuu salaam. Tuna mtandao wa ad hoki, ruta ndogo za WiFi kama ishirini, hauna mnara wala kitovu, kila nodi (yaani ruta) inampitishia jirani. Itifaki ya kutafuta njia ni AODV. Siku hizi mtumaji anaonyeshwa njia ipo, lakini upande wa pili haifiki hata pakiti moja. Data imesimbwa, kwa hiyo sidhani ni suala la usalama. Nianzie wapi?

Mzee wa Antena: Antena kwanza. Mimi nilihangaika na mipangilio usiku kucha, kumbe maji yameingia kwenye konekta. Nilitukana programu bure. Siku hizi nabeba utepe wa kuziba kabla ya laptopu.

Bi Swalama: Njia ipo na data haifiki? Hiyo si antena. Njia zinapita wapi?

Kigingi: Nyingi zinapitia nodi 7. Ni nzima kabisa, inajibu haraka kuliko zote.

Pweza: Inajibu haraka na mzigo haifikishi? Ipeni umeneja.

Bi Swalama: Kigingi, iko mikononi mwa nani?

Kigingi: Mwenzetu aliyejitoa, tulipishana kidogo, akaondoka nayo. Ila si mtu wa ubaya. Nywila ni moja kwa wote, na kuibadilisha ni kuzipitia ruta zote kwa mkono. Nimeshaanza orodha ya anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) zinazoruhusiwa, ili yake izuiwe. Si inatosha?

Sauti ya Busara: Mngekaa mkayamaliza na mwenzenu, msingefika huku. Vijana mnajua kuunganisha vyombo, watu hamuwezi.

Bi Swalama: Haitoshi. MAC hubadilishwa kwa amri moja, na zenu zote anazisoma hewani, kichwa cha fremu, ile sehemu ya mwanzo yenye anwani, hakisimbwi. AODV, kama ilivyo kwenye waraka wake wa RFC 3561 (2003), humwamini yeyote anayejibu. Ukiuliza njia, yeye anadai anayo, anaweka namba ya mfuatano (inayoonyesha njia ilivyo mpya) kubwa kupita za wengine, wote wanamfuata, naye anazitupa pakiti. Ndilo shimo jeusi. Usimbaji wenu haumzuii, ufunguo anao. Badilini nywila kote, kisha kila nodi iwe na ufunguo wake wa kutia saini majibu ya njia.

Mtazamaji: Samahani jamani. Nodi ishirini, AODV, shimo jeusi... hili ni swali la mtihani. Wenye ruta za kweli wako kwenye itifaki nyingine, batman-adv au 802.11s. Huyo "mwenzetu aliyejitoa" ni mshambuliaji wa ndani aliyevishwa kanzu.

Pweza: Jina lake la utani Saba.

Kigingi: Si mtihani. AODV tuliirithi na hizo ruta. Na hata ungekuwa mtihani, si mngejibu?

Mzee wa Antena: Weka picha ya konekta.

Mtazamaji: Weka jedwali la njia. Kama ni kweli, namba za mfuatano zitamsema.

Kigingi: Nimelitoa sasa hivi. Njia za kupitia 7 zina namba zilizoruka mbali mno. Ila za kupitia 12 nazo ziko hivyohivyo, na 12 ni yangu. Iko hapa mezani, nimeizima tangu asubuhi.

Bi Swalama: Basi MAC yako ameshaivaa. Hiyo orodha itamruhusu yeye.

Mtazamaji: Mtunzi au si mtunzi, hapa ndipo pamenoga. Endelea.