Kwenda Unguja na pasi ya nje: viza tumeshalipa, na bima je?

Kutoka Milton Keynes:

Assalamu alaykum jamaa. Inshallah Julai tunakwenda Unguja, miaka sita sijaiona. Mimi nina pasi ya Uingereza, mke wangu bado ana ya Tanzania, watoto wawili (wa miaka tisa na wa mwaka mmoja) wana za Uingereza. Viza nimelipa mtandaoni dola 50 kila mmoja, na huyo wa kunyonya katozwa sawa na baba yake. Sasa shemeji yangu ananitisha kuwa kuna bima ya lazima juu yake. Bima ya safari ninayo, nimeikata hukuhuku. Tena tutashukia Dar kwa bibi kwanza, Unguja tutakwenda kwa boti. Inanihusu kweli?

Kutoka Leicester:

Wa alaykum salaam mwanangu. Inakuhusu, na hiyo uliyokata huko haikufai mlangoni, hata ikiwa nzuri vipi. Watu wanachanganya kwa sababu hapa mna serikali mbili. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo viza yako moja inakuingiza Dar, Unguja na Pemba. Bima hii ninayokwambia ni ya Zanzibar. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia visiwani anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar: mtu mzima dola 44, mtoto wa miaka 3 hadi 17 dola 22, mdogo zaidi ya hapo bure. Inakaa siku 92. Mkeo kwa pasi yake ya Tanzania halipi viza wala bima. Basi wewe na mwanao mkubwa ni 66, ongeza viza zenu tatu 150, inakuwa 216. Na boti haikuokoi, pale bandarini Malindi pasi zinatazamwa na bima inaulizwa.

Sasa nisikilize kwa hili. Mwaka jana nilikuwa na haraka, nikabonyeza mtandao wa kwanza uliotokea, una bendera, una picha ya Forodhani, kila kitu. Nikalipa karibu mara mbili na karatasi sikuiona. Kuzirudisha pesa zangu benki ilinichukua wiki tano za simu. Viza ni visa.immigration.go.tz, bima ni visitzanzibar.go.tz. Ukiona anwani haikuishia go.tz, funga ukalale.

Na mnapitia wapi njiani?

Kutoka Columbus, Ohio:

Shangazi, shikamoo. Nyinyi wa Uingereza mnalalamikia 50! Sisi wenye pasi ya Marekani ni dola 100 kila kichwa, utake usitake, hata ukienda kuzika na kurudi. Miye mzaliwa wa Mkunazini, siku niliyoapa hapa uraia wa Tanzania ukaniondoka, sasa napanga foleni na watalii wenye kofia za ukili. Faida yake moja tu: ile ya 100 ni ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka, kila safari usizidi siku 90. Ukienda Ramadhani na ukarudi Desemba hulipi viza tena. Bima ndiyo utakata upya, siku zake zitakuwa zimekwisha.

Wanaotaka kulipa viza uwanjani wanaweza, ila wabebe dola mpya. Noti iliyochapishwa kabla ya 2006 watakurudishia, na usiku ule utaipata wapi nyingine? Na pasi iwe imebakisha miezi sita.

Kutoka Milton Keynes:

Ahsanteni sana. Shangazi, tunapitia Addis, tunakaa saa tatu tu.

Kutoka Leicester:

Saa tatu hazina neno. Wanaotakiwa cheti cha homa ya manjano ni wanaotoka nchi zenye ugonjwa, au waliokaa kwenye uwanja wa nchi hizo zaidi ya saa 12, na Ethiopia na Kenya zimo. Yule kijana wetu aliyenunua tiketi rahisi ya kulala Nairobi ndiye wa kuhangaika. Ukishachanjwa cheti ni cha maisha, kwa hiyo kadi ya zamani msiitupe.

Kutoka Milton Keynes:

Bima nimekata leo, ile ya go.tz. Nimeichapa nakala mbili, moja anayo mke wangu kwa sababu simu yangu huzima yenyewe. Shemeji nimemtaka radhi. Anasema radhi haitoshi, nimletee pweza mkavu.