Dawa ya saratani kupitia ateri pamoja na mionzi: kuna aliyepitia?

Bintiye
Habari zenu wapendwa. Baba yangu ana miaka 61. Alianza kuziba pua upande mmoja, tukadhani mafua, kisha shavu la kushoto likavimba na meno ya juu yakaanza kulegea. Wakakata kinyama kidogo wakapima: saratani ya sinasi ya taya la juu, ule uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu. Imekula mfupa lakini haijashuka shingoni. Daktari wa upasuaji anasema kuitoa yote huenda kukaondoka na jicho. Mwingine amependekeza kumpitishia dawa kwenye mshipa unaolisha uvimbe, huku akipigwa mionzi. Baba ameshikilia hilo la pili, jicho hatoi. Naomba kuelezwa: inatofautianaje na dripu ya kawaida?

Nesi wa Katheta
Pole sana dada. Nimesimama kwenye chumba hicho miaka tisa, nikueleze ninachokiona.

Mrija mwembamba huingizwa kwenye ateri ya kinena, ukapandishwa taratibu hadi shingoni, daktari akiufuata kwenye skrini, mpaka kwenye tawi dogo linalolisha uvimbe. Kwanza husukumwa rangi. Hapo uvimbe hujichora kama wino uliodondokea karatasi yenye unyevu, na ndipo tunajua tuko mahali penyewe. Kisha inaingia sisplatini, ndiyo dawa yenyewe ya saratani. Wakati huohuo, kwenye vena, tunampa thaiosalfeti, ambayo hukamata sisplatini inayotoka kwenye uvimbe kabla haijazagaa mwilini. Ndiyo maana Robbins na wenzake kule Marekani, miaka ya 1990, waliweza kutoa miligramu 150 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila wiki, kwa wiki 4. Kwa dripu kipimo kilichozoeleka ni 100, kila baada ya wiki 3.

Hofu yangu mimi ni karotidi, ateri kubwa ya shingoni. Mrija unapita jirani na njia ya damu ya ubongo, na kibonge cha damu kikichomoka kinaweza kuleta kiharusi. Kwa hiyo muulizeni anayeushika mrija: hii umeifanya mara ngapi?

Mama Subira
Mwanangu, mume wangu alifanyiwa hivyo, yake ilikuwa shina la ulimi. Siku za mrija zilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa: nesi anakandamiza kinena kwa kiganja, kisha mgonjwa analala chali saa kadhaa bila kukunja mguu. Kazi ilikuwa kwenye mionzi. Mara 35, siku tano kwa wiki, uso umebanwa na barakoa ya plastiki. Kuanzia wiki ya nne mate yalikuwa mazito kama gundi, kijiko cha maji kikawa safari. Kama wangechelewa kumwekea mpira wa chakula tumboni, sijui.

Na usidhani njia ya ateri ni bora kwa kila mtu. Waholanzi walilinganisha ateri na dripu, zote pamoja na mionzi, kwa wagonjwa 239 wasioweza kupasuliwa, matokeo yakatoka 2010: kuishi na kudhibiti uvimbe hakukutofautiana. Waliopewa kwenye ateri figo hazikuumia sana kama za wenzao wa dripu, ila matatizo ya neva yalizidi kwao. Sinasi ya taya ni habari nyingine kidogo. Wajapani wameendelea nayo huko kwa sababu hiyohiyo ya baba yako, kuokoa uso. Lakini mwambie mzee ukweli: jicho kubaki si sawa na jicho kuona. Mionzi ikipita karibu nalo, nuru inaweza kufifia baadaye.

Bintiye
Asanteni, nimemsomea baba yote. Hilo la jicho amelinyamazia kwa muda, kisha akasema niliandike kama swali la kwanza kesho. Jambo moja: tumeambiwa meno yashughulikiwe kabla ya mionzi. Yale yanayolegea tuyang'oe tu?

Nesi wa Katheta
Hapana! Hayo yaliyolegezwa na uvimbe asiyaguse mtu mpaka timu ya saratani iamue. Yanayotakiwa kukaguliwa mapema ni meno mengine mabovu yaliyo kwenye njia ya mionzi, maana yakija kung'olewa baadaye mfupa huponea kwa shida. Nendeni kwa daktari wa meno na picha za sitiskani mkononi.