Ombi la kibali miezi 14, leo naambiwa kanuni zimebadilika mwezi jana. Tunajengaje hivi?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nyumba 12 za kupangisha, ghorofa 3, kiwanja kimepimwa, hati safi, ramani zina mhuri wa kupokelewa. Miezi 14 nazunguka mezani: mipango miji, afya, zimamoto, mazingira. Kila meza ina swali lake, na la pili huulizwi mpaka umejibu la kwanza. Wiki iliyopita napigiwa simu nikachukue majibu. Nikaenda na shati la kupiga pasi kabisa, nikijua nasherehekea. Karani anafungua faili, mchoro wa kiwanja umezungushiwa kalamu nyekundu: mita 3 kutoka mpakani haikubaliki, ni 5. Tangu lini? "Tangu mwezi jana, mzee." Mwezi jana! Ombi langu lina zaidi ya mwaka kwenye kabati lao.

Pigeni hesabu wenyewe. Kiwanja kina upana wa mita 18. Ukiacha 3 kila upande unapata jengo la mita 12, korido katikati, nyumba pande zote mbili. Ukiacha 5 unabaki na 8, yaani upande mmoja wa nyumba umekufa. Hilo hulifuti kwa raba. Ni msanifu upya, mhandisi upya, na riba ya benki haiulizi faili liko meza gani.

Najua watakuja wa "nyie mnataka kujenga holela". Hapana. Mkitaka mita 7, wekeni 7, moto na mwanga vina hoja zake. Ninachodai ni kimoja: kanuni za siku nilipowasilisha ombi lililokamilika ndizo zinihukumu, na ziifunge ofisi kama zinavyonifunga mimi.

Wala si ndoto. Jimbo la Washington, Marekani, mahakama zilishika msimamo huo tangu miaka ya 1950. California walikwenda kinyume: kwenye kesi ya Avco ya 1976, kampuni ilishamwaga zaidi ya dola milioni 2 kwenye barabara na mifereji, ikaambiwa bila kibali cha jengo lenyewe huna haki ya kushikilia kanuni za zamani. Kelele zikawa nyingi, na 1979 jimbo likapitisha sheria inayoruhusu halmashauri na mjenzi kusaini mkataba wa kugandisha kanuni. Ufaransa unaomba cheti cha mipango miji, na kanuni zilizomo zinasimama miezi 18. Tena kule ukiomba kibali cha nyumba ya familia na ofisi ikanyamaza miezi 2, kwa kawaida kimya chao ndicho kibali. Hebu fikirieni kimya cha ofisi kikiwa na faida kwa mwombaji!

Huku kimya maana yake "pitia tena Alhamisi". Na kanuni isiyotulia mwenye kuijua ni mshika mhuri peke yake; bahasha zinazaliwa hapohapo, msinifanye niseme zaidi.

Aliyewahi kukata rufaa kwa kesi ya namna hii akashinda, aniambie alianzia wapi. Kesho asubuhi natakiwa kwa karani yuleyule, na michoro mipya nakala 5 na risiti ya ada. Ada mpya, maana ile ya mwanzo, anasema, ilikuwa ya ombi la zamani.